Mlango wa kifaa cha mbali haufungwi na neno la siri peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila mara gazeti lako linapoandika kuhusu usalama wa mitandao, ushauri huwa ule ule: msomaji achague neno la siri refu, asilitumie mahali pawili, wala asimpe mtu mwingine. Ushauri huo ni wa kweli na sina ugomvi nao. Hata hivyo mimi hushinda, na mara nyingine hukesha, nikiingia kwenye ruta na swichi, yaani vifaa vinavyoelekeza na kugawa data kwenye mtandao, zilizofungwa mbali na mahali nilipokaa, baadhi yake sijapata kuziona kwa macho, na kazi hiyo imenionyesha kwamba mlango wa kifaa cha mbali hutegemea mambo mawili. La kwanza ni namna kifaa kinavyoelekezwa kumthibitisha anayetaka kuingia. La pili ni namna kinavyoelekezwa kutafuta majina na anwani za wale kinaowasiliana nao. Sisi mafundi huyapanga mambo haya kwa siku tofauti, mara nyingi kwa mikono ya watu tofauti, kana kwamba hayajuani. Ndani ya kifaa yanakutana, tena yanakutana katika saa mbaya kuliko zote, yaani pale ambapo mtandao umeharibika na fundi anahitaji kuingia upesi.

Nitaanza na usiku mmoja ambao sijausahau. Ilikuwa yapata saa nane. Kiungo cha eneo moja la mbali kilikuwa kimeanza kupoteza pakiti, yaani vifurushi vya data, nami nikataka kuingia kwenye lango la mtandao la eneo hilo, kifaa chenye mfumo wa Linux na OpenSSH, programu ya kuingilia kwa mbali, ndani yake. Nikaandika amri, nikabonyeza, kishale kikabaki kinapepesa kwenye skrini nyeusi bila kuniuliza chochote. Nikasubiri kidogo, nikafunga dirisha, nikajaribu upya. Mara ya tatu nilikwisha kukata shauri kwamba kifaa kimekufa na kwamba itabidi mtu aamshwe akakizime na kukiwasha. Mara ya nne simu ikalia kabla sijafunga dirisha, nikaipokea, na niliporudi kwenye skrini nikakuta kifaa kinaniomba neno la siri kwa utulivu kabisa, kama kwamba kilikuwa kikinisubiri mimi.

Nilipoingia nilipima kwa saa. Kuanzia kubonyeza amri hadi kuombwa neno la siri zilipita sekunde 20, na kila niliporudia zilikuwa zile zile 20. Nikafungua faili inayokiambia kifaa kiulize seva gani za majina (kompyuta zinazolinganisha majina na anwani), nikakuta zimeandikwa mbili, na zote zilikuwa ng'ambo ya kile kiungo kilichoharibika. Kawaida ya Linux, kama hukuibadilisha, ni kusubiri jibu la seva ya majina kwa sekunde 5 na kuzungukia orodha ya seva mara mbili. Seva mbili, mizunguko miwili, sekunde 5 kila swali: hesabu inatoa 20. Kumbe muda wote ule kifaa hakikuwa kimekufa wala hakikuwa na shaka nami. Kilikuwa kinatafuta jina la anwani ya kompyuta yangu ili kiliandike kwenye kumbukumbu zake, na kilikuwa kinamuuliza mtu asiyesikia.

Ni vizuri msomaji aelewe utafutaji huo ni wa namna gani. Mfumo wa majina ya vikoa, ambao wengi tunauita DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na hati mbili zinazouongoza hadi leo, yaani RFC 1034 na RFC 1035 (RFC ni hati rasmi za kanuni za intaneti), zilitolewa Novemba 1987. Kazi yake inayojulikana sana ni kugeuza jina kuwa anwani: unaandika jina la tovuti, mfumo unakupa namba. Lakini upo pia upande wa kinyume, ambapo kifaa kina namba na kinataka jina lake, na kwa kusudi hilo limetengwa tawi maalumu linaloitwa in-addr.arpa, ambamo namba za anwani huandikwa kinyumenyume. Hapo zamani programu za kuingia kwa mbali ziliamini majina hayo. Ukitoka kwenye kompyuta yenye jina lililoandikwa katika orodha ya marafiki, ulipita bila kuulizwa neno la siri.

Udhaifu wake ni rahisi kuuona. Jina la kinyume huandikwa na yule anayemiliki kundi la anwani, na hakuna kinachomzuia kuandika jina la mtu mwingine. Ndiyo maana programu makini huuliza mara mbili: kwanza jina la anwani, kisha anwani ya jina hilo, kuona kama zinalingana. Hata hivyo, zikilingana, kilichothibitishwa ni kwamba mtu fulani ametunza vizuri rekodi zake, si kwamba aliyeketi mbele ya kibodi ni yule anayestahili kuingia. Waandishi wa OpenSSH waliliona hilo, na katika toleo la 6.8 lililotoka Machi 2015 wakabadilisha kawaida ya mpangilio uitwao UseDNS, unaokiagiza kifaa kutafuta jina la anayeingia, kutoka kuwashwa hadi kuzimwa. Tatizo ni kwamba vifaa vya mtandao huishi miaka mingi vikiwa na programu ya siku vilipofungwa, na hata vikipata programu mpya, fundi hunakili faili ya mipangilio kutoka kifaa cha zamani. Mpangilio ambao wenyewe waliouandika wameuacha unaendelea kurithishwa, kifaa hadi kifaa, na hakuna anayekumbuka uliwekwa kwa sababu gani.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye kifaa cha mbali utafutaji wa jina la anayeingia uzimwe, na kumbukumbu ziandike anwani tupu. Najua wapo wenzangu watakaonipinga, kwa kuwa anwani tupu hazisomeki kwa urahisi na kwa kuwa jina la leo huenda lisiwe jina la mwezi ujao. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tafsiri hiyo inaweza kufanywa na seva inayokusanya kumbukumbu, iliyokaa jirani na seva za majina, mara tu kumbukumbu inapoifikia. Hakuna sababu ya kazi ya uandishi kufanyiwa mlangoni, fundi akiwa amesimama nje.

Katika ruta na swichi za Cisco jambo hili lina sura nyingine ambayo kila mwanafunzi ameionja. Ukiandika neno ambalo kifaa hakilitambui kuwa amri, labda kwa kukosea herufi moja, kifaa hudhani umetaja jina la kompyuta unayotaka kuunganishwa nayo, na kama hakikupewa seva ya majina kinaulizia jina hilo kwa kutangaza kwenye anwani 255.255.255.255. Mwanafunzi anakaa kuitazama skrini iliyoganda kwa kosa la herufi moja. Kwa hiyo siku ya kwanza darasani anafundishwa kuandika "no ip domain lookup", naye anaiandika maisha yake yote. Amri hiyo inatibu maumivu, lakini inazima utafutaji wote: kama seva inayokipa kifaa saa au seva ya kumbukumbu zimetajwa kwa jina, kifaa hakitazipata tena, nacho hakitapiga kelele juu ya hilo. Iliyo bora zaidi ni "transport preferred none" kwenye laini za kuingilia, ambayo inakiambia kifaa kwamba neno kisicholijua ni kosa tu la uandishi, na kinaacha kulitafuta. Nimekutana na mafundi wenye uzoefu mkubwa ambao hawajapata kuisikia.

Sasa nije kwenye uthibitishaji wenyewe. Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, ambayo maelezo yake rasmi ni RFC 854 ya Mei 1983, hupitisha kila herufi wazi, pamoja na neno la siri, kupitia bandari namba 23 (bandari ni mlango wenye namba ambao kupitia huo programu hupokea data). Mwaka 1995 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen, aliandika SSH, njia ya kuingia inayosimba kila kinachopita, baada ya mtandao wa chuo hicho kunaswa na mtu aliyekuwa akikusanya maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi namna hiyo. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu hapo. Bado ninafungua vifaa na kukuta Telnet imewashwa kandokando ya SSH, "kwa dharura", na kila mara nahuzunika, kwa sababu dharura ndiyo saa ambayo fundi huandika neno kuu la siri kuliko yote bila kutazama limepitia njia gani.

Mwaka 2016 ulionyesha gharama yake. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikigonga bandari 23 na 2323, ikajaribu orodha fupi ya majozi ya jina na neno la siri yapatayo 60, yale yanayowekwa kiwandani, na kwa orodha hiyo tu ikateka kamera, vinasa video na ruta za majumbani kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikitoa huduma ya majina ya vikoa kwa tovuti nyingi kubwa, na watu wengi wakashindwa kufungua tovuti hizo siku hiyo ingawa tovuti zenyewe zilikuwa nzima. Naomba wasomaji walitazame tukio hilo kwa makini, kwani linaunganisha mambo yangu mawili vizuri kuliko ningeweza kuyaunganisha mimi: uthibitishaji mbovu wa vifaa vidogo vilivyosahauliwa ulizima utafutaji wa majina wa watu ambao hawajapata kuvisikia vifaa hivyo. Sheria zimeanza kuliona. Jimbo la California lilianza kuzuia maneno ya siri ya pamoja ya kiwandani Januari 2020, na Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake ya aina hiyo tarehe 29 Aprili 2024.

Watu wengi wa fani hii wanajua kwamba jozi ya funguo, mmoja wa siri unaobaki kwa fundi na mmoja wa umma unaowekwa kwenye kifaa, ni salama kuliko neno la siri. Sitarefusha hapo. Ningependa kusema zaidi juu ya upande wa pili, yaani fundi anakijuaje kifaa. Mara ya kwanza unapoingia kwa SSH, kompyuta yako inakuonyesha alama ya ufunguo wa kifaa, mfuatano wa herufi na namba usio na maana kwa jicho, na kukuuliza kama unaukubali. Nimewatazama mafundi wengi wakijibu ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Swali lile ndilo ulinzi pekee ulio nao dhidi ya mtu aliyejipenyeza katikati, kwa kuwa utafutaji wa majina ukidanganywa, jina ulilozoea litakupeleka kwa mgeni, na kitu pekee kitakachokuambia kwamba huyu siye ni alama ile. Mimi huiandika alama hiyo kwa mkono kwenye kadi ya kifaa kikiwa bado mezani, kabla hakijafungwa kwenye boksi, kisha nailinganisha herufi kwa herufi siku ninayoingia kwa mbali mara ya kwanza. Inachukua dakika moja.

Vifaa vikiwa vingi, maneno ya siri ya kila kimoja hayatunziki, ndipo huja seva ya pamoja ya uthibitishaji. Ziko njia mbili zinazotumika sana. RADIUS, iliyo katika RFC 2865 ya mwaka 2000, husafiri kwa UDP (usafirishaji usiosubiri uthibitisho kwamba data imefika) kupitia bandari 1812 na huficha neno la siri tu, mengine yakienda wazi. TACACS+, iliyokuwa ikitumika kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa katika RFC 8907 ya mwaka 2020, husafiri kwa TCP (usafirishaji unaosubiri uthibitisho huo) kupitia bandari 49, hufunika mwili wote wa ujumbe, na huweza kuamua amri moja moja ambayo fundi anaruhusiwa. Ufichaji wa zote mbili umejengwa juu ya MD5, kanuni ya hisabati ya kuchakata ujumbe, ambayo imezeeka, na mwaka 2024 watafiti walionyesha, katika udhaifu walioupa jina la Blast-RADIUS, kwamba mtu aliye katikati ya njia anaweza kugeuza jibu la kukataa likawa la kukubali. Anayepeleka RADIUS kwenye vifaa vya mbali kupitia intaneti ya wazi aifunge ndani ya TLS au ndani ya njia nyingine iliyosimbwa. Hapa sioni pa kujadiliana.

Lakini kinachowafungia watu nje mara nyingi ni kitu kidogo kuliko hayo. Nilihamisha ruta ya eneo moja kutoka kiungo cha zamani kwenda kipya, kazi iliyofanywa mara nyingi na ambayo niliiona nyepesi. Kiungo kipya kikawaka, trafiki ikapita, watumiaji wakaendelea na kazi zao bila kujua kimebadilika nini. Jioni nikataka kuingia kufuta mabaki ya mipangilio ya zamani. Nikaandika jina langu na neno langu la siri, kishale kikasimama, sekunde zikapita, nikakataliwa. Nikarudia polepole, herufi moja moja, nikakataliwa tena. Kwenye seva ya RADIUS akaunti yangu ilikuwa nzima, na vifaa vingine vyote vilinikubali kwa neno lile lile.

Sababu ilikuwa ya utafutaji. Seva ya RADIUS inapopokea ombi hutazama kwanza limetoka anwani gani, na kutafuta anwani hiyo kwenye orodha ya vifaa inavyovijua ili kupata siri ya pamoja ya kifaa hicho. Isipoikuta, RFC 2865 inaiamuru ilitupe ombi kimyakimya, bila jibu lolote. Ruta yangu, kwa kuwa haikuelekezwa kutumia anwani moja ya kudumu, ilianza kutuma maombi kwa anwani ya kiungo kipya, ambayo seva haikuijua. Ikauliza, ikasubiri sekunde 5, ikarudia mara tatu zaidi kama ilivyo kawaida ya Cisco, na ilipokosa jibu ikaenda kwenye akaunti ya ndani ya ruta. Akaunti ya ndani ilikuwapo. Neno lake la siri lilikuwa limewekwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, na hakuna aliyeliandika popote.

Ilinibidi nisafiri siku nzima, kwenda na kurudi, nikiwa na kebo ya konsoli, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye kifaa, begani, ili niandike mstari mmoja unaoifunga RADIUS kwenye anwani ya kudumu ya ruta, ile isiyotegemea kiungo chochote. Naeleza haya kwa urefu kwa sababu tofauti kati ya kukataliwa na kutojibiwa ndiyo kiini cha mpangilio wote wa uthibitishaji wa mbali, na wengi wanaoipanga hawaijui. Katika orodha ya njia za uthibitishaji, njia ya pili hutumika pale tu njia ya kwanza isipojibu. Seva ikijibu hapana, habari imeishia hapo, na akaunti ya ndani haiulizwi hata kama neno lake ni sahihi. Kwa hiyo akaunti ya ndani ni ya siku seva isipopatikana, basi lazima iwepo, lazima neno lake la siri liwe limehifadhiwa mahali panapojulikana na watu zaidi ya mmoja, na lazima lijaribiwe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Seva ya pamoja ni nzuri kweli, lakini ni msala unaoweza kupita.

Katika jambo hili hili kuna mtego wa majina. Fundi akitaja seva ya uthibitishaji kwa jina badala ya anwani, amefanya uthibitishaji wote utegemee seva ya majina. Na kama seva ya majina iko ng'ambo ya kiungo kile kile ambacho kifaa kinakiendesha, basi kifaa kikipoteza kiungo kitapoteza majina, kikipoteza majina kitapoteza uthibitishaji, na fundi anayekuja kukirekebisha atalipa sekunde za kusubiri jina, kisha sekunde za kusubiri seva, kabla hata ya kufikia akaunti ya ndani. Seva mbili za RADIUS zisizojibu, kwa kawaida niliyoitaja, ni sekunde 40 kwa kila jaribio moja la kuingia. Upo mpangilio unaokiruhusu kifaa kuiweka kando kwa dakika kadhaa seva iliyokwisha kuonekana haijibu, na kwenye vifaa vya mbali usipowashwa ni uzembe. Seva za uthibitishaji ziandikwe kwa anwani. Majina yaachiwe mambo ambayo kuchelewa kwake hakumzuii mtu mlangoni.

Anayedhani haya ni matatizo ya mitandao midogo akumbuke tarehe 4 Oktoba 2021. Siku hiyo, kwa maelezo ambayo kampuni ya Facebook yenyewe iliyatoa hadharani, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata viungo vyote vya mtandao mkuu wa kampuni. Seva zake za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia, kama zilivyopangwa kufanya. Ulimwengu ukashindwa kuyapata majina ya Facebook, lakini lililokuwa baya zaidi ni kwamba wahandisi wake nao hawakuweza kuingia kwa mbali, kwa sababu mtandao wa kuingilia ulikuwa umekatika na zana zao nyingi za ndani zilitegemea majina yale yale yaliyopotea. Iliwabidi wapeleke watu kwenye majengo, na majengo yenyewe yalikuwa yamejengwa makusudi ili yasiingilike kirahisi. Huduma zilikosekana kwa muda wa saa kama 6. Wale walikuwa na wahandisi wa kila aina na bajeti isiyo na mfano. Walichokosa saa ile ni mlango usioulizia jina.

Saa ya kifaa nayo inastahili neno moja. Kifaa kisicho na betri ya kutunza saa kikizimika na kuwaka huamka na tarehe ya zamani, na cheti cha usalama kinachoanza mwaka huu kitaonekana kwake kuwa bado hakijaanza kufanya kazi, hivyo kifaa kinakataa kuzungumza na seva ya uthibitishaji iliyofungwa ndani ya TLS. Kerberos nayo, mfumo mwingine wa uthibitishaji, kwa kawaida yake, hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Kwa hiyo walau seva moja ya saa iandikwe kwa anwani pia.

Namna ya kubadilisha mipangilio hii bila kujifungia nje inajulikana, tatizo ni haraka. Kabla sijagusa mstari wowote wa uthibitishaji huacha dirisha moja nililokwisha kuingia likiwa wazi, na huingia kwa dirisha la pili kupima mabadiliko. La kwanza silifungi hadi la pili lipite. Kwenye vifaa vya Juniper hutumia "commit confirmed", ambayo hurejesha mipangilio ya awali baada ya dakika 10 nisipoithibitisha. Kwenye vya Cisco hukipangia kifaa kijiwashe upya baada ya muda kama huo bila kuhifadhi mabadiliko, kisha nafuta ratiba hiyo nikishaona naingia. Na pale fedha zinaporuhusu, kifaa cha mbali kiwe na njia ya pili ya kufikia konsoli, kwa mtandao wa simu au kwa laini nyingine isiyopita ndani ya kifaa chenyewe.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba kurasa za teknolojia ziipe mipangilio hii nafasi kama zinavyoyapa maneno ya siri. Na kwa wasomaji wako wanaotia saini kupokea vifaa vilivyofungwa na mafundi, katika ofisi, shule, zahanati au kiwanda, naomba wadai jaribio moja kabla ya kutia saini. Kifaa kiwekwe mezani, kichomolewe kebo inayokipeleka kwa seva ya majina na seva ya uthibitishaji, kisha fundi aambiwe aingie, mtu mwingine akishika saa. Akiombwa neno la siri ndani ya sekunde chache na akaunti ya ndani ikamkubali, saini. Akiwa bado anatazama kishale sekunde ya 20, arudi kwenye mipangilio yake akiwa hapo hapo mezani, kebo ya konsoli ikiwa karibu na mkono wake.

Wako,
Fundi wa mitandao